Kwa nini Mzee Ndesamburo aliingia bungeni akiwa na miaka 65?

Msomaji wa Moshi anauliza: "Shikamoo. Kijiweni kwetu tumebishana kuhusu marehemu Mzee Philemon Ndesamburo. Mmoja anasema zamani sheria ilikataza mfanyabiashara kuwa mbunge, ndiyo maana mzee aliingia bungeni akiwa mtu mzima sana. Mwingine anasema sheria hiyo haikuwapo kamwe, mzee alisubiri tu apate pesa za kutosha kuununua ubunge. Nani yuko sahihi? Na kwa nini alikwenda upinzani badala ya chama tawala kama matajiri wengine?"

Marahaba, ndugu yangu. Rafiki yenu wa kwanza yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa alichokiita sheria kilianza kama sharti la chama. Wa pili ameshika mkia akadhani ameshika kichwa: pesa za Mzee Ndesamburo zilikuwa na kazi kubwa katika siasa yake, lakini si kazi anayoidhania, na wala si pesa zilizoamua aanze lini.

Tuanze na umri, kwa sababu humo ndimo lilimo jibu. Philemon Kiwelu Ndesamburo alizaliwa tarehe 19 Februari 1935. Alichaguliwa mbunge wa Moshi Mjini mwaka 2000, akakishika kiti hicho kwa vipindi vitatu mfululizo hadi 2015, na alifariki tarehe 31 Mei 2017 akiwa na miaka 82. Sasa weka pembeni ya tarehe hizo, tarehe nyingine mbili. Azimio la Arusha la TANU, chama tawala cha wakati huo, lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, yaani alipokuwa anakaribia kutimiza miaka 32, na Azimio la Zanzibar, lililolegeza masharti ya lile la kwanza, lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya CCM, iliyoirithi TANU, mwezi Februari 1991, alipokuwa anakaribia kutimiza miaka 56. Miaka 24 iliyo kati ya maazimio hayo mawili ndiyo miaka ambayo mwanasiasa wa kawaida hugombea udiwani, akashindwa, akagombea tena, akajulikana wilayani, akapanda mkoani na hatimaye akaingia bungeni. Kwa mtu aliyekuwa na biashara yake na hakutaka kuiacha, njia hiyo yote ilikuwa imefungwa.

Ilifungwa na nini hasa? Ukifika hapa Arusha, nenda Kaloleni karibu na Mnara wa Azimio, kwenye makumbusho ya Azimio, ukasome masharti ya uongozi yaliyo katika sehemu ya tano. Ni mafupi na hayana kona za kujifichia. Kila kiongozi wa TANU na wa Serikali sharti awe mkulima au mfanyakazi, na asishiriki katika jambo lolote la kibepari au la kikabaila. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asiwe na mishahara miwili au zaidi. Na asiwe na nyumba ya kupangisha. Wabunge walitajwa waziwazi miongoni mwa viongozi wanaohusika, pamoja na mawaziri, wajumbe wa Halmashauri Kuu, wakuu wa mashirika ya umma na watumishi wa serikali wa ngazi ya kati na ya juu. Lilikuwamo pia jambo moja ambalo wengi hulisahau leo: aliyehesabiwa kuwa kiongozi alikuwa mtu, au mtu na mkewe, au mke na mumewe. Kwa hiyo, hata kuandikisha duka kwa jina la mama watoto hakukuwa mlango wa kutokea.

Hilo lilianza kama sharti la chama, na baadaye likapewa nguvu ya sheria. Hata kabla ya hapo, tofauti ilikuwa ndogo kwa mtu aliyetaka ubunge. Tangu 1965 Tanzania Bara ilikuwa na chama kimoja kikatiba. Mgombea alipaswa kuwa mwanachama wa TANU, na majina mawili ya mwisho yaliyopelekwa kwa wapiga kura, moja chini ya alama ya jembe na jingine chini ya alama ya nyumba, yalikuwa yamekwisha kupita katika Halmashauri Kuu ya Taifa. Mwanachama wa kawaida aliruhusiwa kuwa na duka au basi, wala hakufukuzwa chamani kwa sababu hiyo. Asingeweza tu kuwa kiongozi. Ndiyo maana nasema rafiki yenu wa kwanza yuko karibu na ukweli.

Katika Kilimanjaro sharti hilo liliuma kwa namna ya pekee. Uchumi wa mkoa ulikuwa umesimama juu ya kahawa tangu wakulima walipoanzisha chama chao cha kwanza mwaka 1925, akiwamo Joseph Merinyo, mbele ya walowezi ambao hawakupenda kumwona Mchagga akilima zao lilelile wanalolima wao. Chama hicho kilifuatwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, iliyoandikishwa mwaka 1933, na fedha za kahawa ndizo zilizosomesha watoto wengi wa kizazi cha Mzee Ndesamburo. Matokeo yake ni kwamba, kufikia 1967, familia nyingi zilikuwa na vyanzo viwili au vitatu kwa wakati mmoja. Mwalimu alikuwa na mshahara, alikuwa na kihamba cha migomba na kahawa huko juu, na huenda alikuwa amejenga vyumba vya kupangisha mjini, Majengo au Njoro. Kihamba hakikuwa na tatizo, maana mkulima aliruhusiwa. Lakini vile vyumba vya kupangisha vilimweka njia panda. Wako waliouza au kuachia vyumba wakabaki katika uongozi, na wako waliobaki na vyumba wakaacha uongozi. Mkoa ukagawanyika, bila kelele, katika makundi mawili ya watu wenye uwezo: walioshika ofisi na walioshika mali. Mzee Ndesamburo alikuwa wa kundi la pili.

Wala isidhaniwe kwamba walioshika mali walikuwa wamestarehe. Mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, na ingawa waliopigwa zaidi walikuwa Watanzania wenye asili ya Kiasia, katika mitaa ya katikati ya Moshi na Arusha kila mwenye ghorofa alielewa ujumbe; nyumba hizo zikawa mali ya Serikali chini ya Msajili wa Majumba, yaani nyumba za Msajili, kama wazee wanavyoziita mpaka leo. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyotaka maduka ya watu binafsi yafungwe na nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, KNCU ikiwamo, na kazi yake ikapewa mamlaka ya zao la kahawa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, jambo lililowakata wafanyabiashara wa Kilimanjaro na Arusha mbali na soko lao la karibu na kuwapunguzia wageni waliokuwa wakivuka kutoka Nairobi. Mwaka 1983 kulikuwa na msako wa wahujumu uchumi, ambapo hata mtu mwenye katoni chache za sabuni stoo alilala macho wazi. Aliyepita katika miaka hiyo akabaki na biashara alikuwa amejifunza kwamba uamuzi unaofanywa na watu asiowachagua unaweza kumfilisi kwa siku moja. Hamu ya kundi hili kuingia katika siasa, mlango ulipofunguliwa, ilianzia hapo kwa kiasi kikubwa.

Mlango ulifunguliwa kidogokidogo. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kutoka nje kwa fedha zao wenyewe, bila kuulizwa sana fedha hizo zilipatikanaje. Rais Mwinyi alipoingia mwaka 1985, biashara zikapata pumzi. Kisha likaja Azimio la Zanzibar la 1991, na mwaka uliofuata, kufuatia kazi ya Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi juu ya mfumo wa vyama, katiba ikabadilishwa na mfumo wa vyama vingi ukaanza rasmi tarehe 1 Julai 1992. Mzee Ndesamburo alikuwa na miaka 57. Kama angekuwa mtumishi wa serikali, wakati huo angekuwa amestaafu au anakusanya nyaraka zake za kiinua mgongo.

Hapa ndipo swali lako la mwisho linapopata uzito. Azimio la Zanzibar lilimfungulia mfanyabiashara mlango wa CCM mwaka mzima kabla ya vyama vya upinzani kuwapo, na wengi waliingia kupitia mlango huo. Kwa nini yeye akawa miongoni mwa waasisi wa CHADEMA, chama cha upinzani?

Sababu ya kwanza ina jina la mtu. CHADEMA ilianzishwa chini ya uongozi wa Edwin Mtei, mzaliwa wa Marangu, Gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania tangu 1966, kisha Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kisha Waziri wa Fedha hadi 1979, alipojiuzulu kwa sababu ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Baadaye Mtei alikuwa mkulima wa kahawa huko Tengeru, nje kidogo ya Arusha. Chama alichokianzisha kilisema waziwazi, wakati wengine bado wanaona haya, kwamba sekta binafsi ndiyo iwe injini ya uchumi. Kwa mtu aliyetumia miaka 24 akihesabiwa kuwa hafai kuongoza kwa sababu tu ana mali, chama cha namna hiyo kilikuwa cha kwanza kumwambia kwamba alichokifanya maisha yake yote hakikuwa dhambi.

Sababu ya pili ni foleni. Ndani ya CCM wale walioshika ofisi walikuwa na miaka 24 ya kukaa vikao, kujuana na kusubiri zamu. Mfanyabiashara wa miaka 57 angeingia mkiani mwa foleni hiyo, na angepewa kazi ambayo matajiri hupewa mara nyingi katika vyama vikubwa, yaani kuchangia sherehe na kununua fulana. Katika chama kipya alikuwa mwasisi, na baadaye mwenyekiti wa mkoa wa Kilimanjaro, nafasi aliyokuwa nayo mpaka mauti yalipomkuta.

Sababu ya tatu ni maoni yangu mwenyewe, nayo inahusu aina ya biashara. Mzee Ndesamburo alikuwa mmiliki wa Keys Hotel pale Moshi, na biashara ya hoteli chini ya Mlima Kilimanjaro hula kutokana na wageni wanaokuja kupanda mlima na kulipa kwa fedha za kigeni. Mgeni wa namna hiyo haulizi mwenye hoteli ni wa chama gani. Mkandarasi wa barabara, msambazaji wa vifaa vya hospitali au mwenye ghala anayetegemea zabuni za serikali hana uhuru huo. Akisimama jukwaani na bendera ya upinzani Jumamosi, Jumatatu huenda akakuta malipo yake yamekwama mezani kwa mtu. Sisemi mwenye hoteli hawezi kusumbuliwa, maana leseni na kodi zipo na hoteli haina magurudumu ya kuikimbiza. Nasema tu kwamba ukichunguza matajiri wa mikoani waliothubutu kwenda upinzani miaka ya tisini, uliza kwanza mteja wao mkuu alikuwa nani, kabla ya kuuliza walikuwa na itikadi gani. Freeman Mbowe, mwana wa Hai na mwanasiasa mwenzake wa CHADEMA, naye alitoka katika biashara za hoteli na burudani, na klabu ya Bilicanas ya Dar es Salaam ilijulikana kwa vijana wengi kabla hawajamjua yeye kama mwanasiasa.

Lakini mzee hakuingia bungeni mara tu baada ya 1992. Uchaguzi wa 1995 ulikuwa wa Augustino Mrema, mgombea urais aliyekuwa ametoka CCM na kuhamia chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi, na wimbi lake lilizoa sehemu kubwa ya Kilimanjaro. Hapa Arusha wimbi hilo lilikuwa na nguvu kiasi kwamba Makongoro Nyerere, mtoto wa Mwalimu mwenyewe, alishinda jimbo la Arusha Mjini kwa tiketi ya NCCR. CHADEMA haikuweka mgombea urais mwaka huo na ilipata majimbo matatu tu nchi nzima. Kisha NCCR ikaingia katika ugomvi wa ndani, Mrema akahamia TLP, chama kingine cha upinzani, na ilipofika 2000 wapiga kura wa Moshi waliokuwa wamezoea kuchagua upinzani walikuwa hawana chama kilichotulia. CHADEMA ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa haijagombana. Ilishinda majimbo manne kati ya 231: Moshi Mjini kwa Ndesamburo, Hai kwa Mbowe, Karatu kwa Dokta Willibrod Slaa na Kigoma Mjini kwa Dokta Walid Kabourou.

Sasa tuje kwa rafiki yenu wa pili na hoja yake ya kununua ubunge. Ushindi wa 2000 hauwezi kuthibitisha wala kukanusha hoja hiyo, kwa sababu ulichanganyika na kuvunjika kwa NCCR. Mwaka wa kuupima ni 2005. Mwaka huo Jakaya Kikwete alishinda urais kwa asilimia 80, CCM ilikuwa na fedha na hamasa kuliko wakati mwingine wowote tangu vyama vingi vianze, na Mbowe alikuwa ameliacha jimbo la Hai ili agombee urais. Hai ikarudi CCM. Katika mkoa mzima wa Kilimanjaro, jimbo moja tu lilibaki upinzani, nalo ni Moshi Mjini. Kama ubunge ungekuwa unauzwa kwa bei tu, mwaka 2005 angekuwapo mnunuzi mwenye mfuko mnene kuliko mwenye hoteli mmoja, na kiti kingeondoka. Hakikuondoka, na 2010 mzee alikitetea tena.

Isitoshe, sheria ya wakati huo haikumpendelea mgombea wa upinzani katika jambo la kugawa. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliingiziwa vifungu vya takrima, vilivyoruhusu mgombea kuwakirimu watu kwa nia njema kama ukarimu wa kimila, na kila mtu alijua ni nani mwenye uwezo wa kukirimu nchi nzima. Vifungu hivyo vilidumu hadi 2006, Mahakama Kuu ilipovitangaza kuwa batili katika kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika mengine mawili. Baadaye, mwaka 2010, ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi.

Basi pesa za mzee, ambazo zilimpa hata jina la utani la "Ndesa Pesa" lililoimbwa mikutanoni, zilifanya kazi gani? Nitakuonyesha mahali pamoja ambapo watu wengi hawapatazami. Siku ya uchaguzi kila chama kinahitaji wakala katika kila kituo. Wakala huyo lazima aapishwe mapema, afike alfajiri kabla kituo hakijafunguliwa, akae mpaka jioni bila kutoka kwenda kutafuta chakula, aone kura zikihesabiwa, asaini na kuondoka na nakala ya fomu ya matokeo ya ubunge, ile ya namba 21B. Akitoka saa nane mchana kwa sababu ya njaa, au akikubali chai ya mtu mwingine, chama chake hakina ushahidi wowote juu ya kituo hicho. Wakala anahitaji nauli, chakula, vocha ya simu na mtu wa kupita na gari kukusanya fomu usiku. Zidisha gharama hizo kwa vituo vyote vya jimbo la mjini, uongeze mafuta ya magari ya matangazo, kukodi vipaza sauti, pango la ofisi na wanasheria kama matokeo yatapingwa mahakamani, utaona kwamba chama kichanga kisicho na mtu wa kulipa kinaweza kupendwa na watu na bado kikashindwa.

Ruzuku ya serikali kwa vyama hutolewa kwa kuangalia kura na viti ambavyo chama kimekwisha kupata, kwa hiyo chama chenye wabunge watatu au wanne hupata kidogo, na chama kisicho na kitu hakipati kitu. Katika miaka hiyo ya mwanzo pengo hilo lilizibwa na watu wenye mifuko yao, na kwa Kilimanjaro Mzee Ndesamburo alikuwa wa mbele kati yao. Pesa zake zililinda kura ambazo tayari watu walikuwa wanataka kumpa.

Utaratibu huo una gharama yake, na nisingekuwa mkweli kama ningeupamba. Chama kinachotegemea mifuko ya wachache hushindwa kuwaambia wachache hao hapana. Wapinzani wa CHADEMA waliituhumu kwa miaka mingi kuwa chama cha watu wa kaskazini na cha familia. Na kuwapo kwa Lucy Owenya, binti wa Mzee Ndesamburo, bungeni kwa viti maalumu katika kipindi kilekile baba yake alipokuwa mbunge, kuliwapa wasemaji hao mfano wa kunyoosha kidole. Mtu anaweza kujibu kwamba binti alifanya kazi zake mwenyewe na kwamba CCM nayo ina watoto wa viongozi wa kutosha. Jibu hilo ni la kweli, lakini halifuti swali la ni nani mwingine, asiye na hoteli wala jina, angeweza kupanda katika chama hicho mkoani hapo kwa miaka hiyo.

Kwa upande wa maendeleo, naomba mtenganishe mambo mawili kijiweni kwenu. Mbunge hana bajeti ya kujenga barabara. Fedha za jimbo zinazotambuliwa kisheria zilianza na Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliotungiwa sheria mwaka 2009, na si nyingi. Wakati wa mzee, barabara za mitaa, usafi, masoko na vibali vya ujenzi vilikuwa kazi ya halmashauri ya manispaa. Kwa miaka mingi ya ubunge wake mzee alilazimika kubishana au kuelewana na halmashauri na serikali ambazo hazikuwa za chama chake. Baada ya uchaguzi wa 2010 CHADEMA ilipata nguvu ya kuongoza manispaa yenyewe, chini ya Meya Jafary Michael, na hapo ndipo chama kilipoanza kuulizwa maswali ya utendaji ambayo mbunge pekee hawezi kuyajibu. Mwaka 2015 mzee, akiwa na miaka 80, hakugombea tena. Jafary Michael akagombea ubunge, akashinda, na kiti kikabaki CHADEMA hadi 2020, kilipochukuliwa na Priscus Tarimo wa CCM.

Ushindi wa Jafary Michael ungepaswa kumnyamazisha rafiki yenu wa pili zaidi ya maneno yangu yote, kwa kuwa aliyerithi kiti hakurithi hoteli. Alirithi mtandao wa mawakala, madiwani na mabalozi wa chama uliojengwa kwa miaka 15, ambao mwanzo wake uligharamiwa na mtu mmoja.

Msidhani pia kwamba kila tajiri wa Kilimanjaro wa kizazi kile alikuwa na hamu ya jukwaa. Reginald Mengi, mwana wa Machame, alitoka katika kazi ya ukaguzi wa hesabu akajenga kampuni za IPP, akawa na televisheni, redio na magazeti, na sauti yake ilisikika katika kila mjadala wa taifa mpaka alipofariki mwaka 2019, lakini ubunge hakuugombea. Njia ya Ndesamburo ilikuwa moja kati ya kadhaa zilizokuwa wazi baada ya 1991, nayo ilikuwa ya gharama zaidi, kwa kuwa ilimlazimu kuomba kura mtaa kwa mtaa, kuanzia Kiboriloni hadi Pasua, katika umri ambao wenzake walikuwa wakiombwa kuwa wenyeviti wa kamati za harusi.

Kwa hali ilivyo sasa, mfanyabiashara anaruhusiwa kabisa kuwa mbunge. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 haimkatazi kuwa na hisa, nyumba za kupangisha wala hoteli. Inamtaka atoe tamko la mali na madeni yake, pamoja na ya mwenzi wake na watoto wake wadogo, kwa Kamishna wa Maadili, na asitumie cheo kujinufaisha. Daftari la matamko hayo mwananchi anaweza kuomba kulikagua kwa masharti yaliyowekwa. Na kama mnataka kujua mzee alisema nini bungeni badala ya kutegemea anayekumbuka kijiweni, Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge za tangu 2000 hadi 2015 zinapatikana. Tafuteni jina lake katika mikutano ya bajeti ya kila mwaka, hasa siku za maswali ya asubuhi, kwa sababu wabunge wa majimbo ya mijini huyatoa ya kwao hapo.